Mawe Yanauma, Mshipa Hauumi

Mzee Deogratias alikwenda hospitali kwa sababu ya mawe kwenye nyongo. Akila chapati tu, ubavu wa kulia unamkata, anaacha patasi na kujikunja juu ya magogo ya mpingo pale barazani kwake Madale, alipochonga vinyago miaka thelathini. Alitaka mawe yatolewe, basi.

Picha ya tumbo ikaleta jingine. Mshipa mkuu wa damu, ule unaoshuka kutoka kwenye moyo, ulikuwa umetanuka kama puto.

"Ukipasuka, mzee, hatutakuwahi," alisema Daktari Kokuberwa, mpasuaji. "Lazima tuweke bomba la kitambaa ndani yake."

"Lakini huo hauumi, daktari. Yanayouma ni mawe."

Kokuberwa alitaka kumaliza yote kwa mpasuo mmoja. Mwenzake, Daktari Gibson, akapinga palepale: nyongo ikiwa na usaha, ukagusa lile bomba, mgonjwa atakuwa pabaya zaidi. Kokuberwa akajibu kwamba nyongo ikiachwa inaweza kuwaka wiki ileile kidonda kikiwa kibichi. Mzee alimgeukia huyu, akamgeukia yule. Wote aliwaona wana haki.

Siku tatu nyumbani hakuchonga kitu. Aliweka kiganja juu ya kitovu, akasikia kitu kinadunda.

"Baba Recho, umeamua nini?" mkewe Marietha alimuuliza.

"Niamue nini, Mama Recho? Nilikwenda na ugonjwa mmoja, nikarudi na miwili, na ule nisioujua ndio wanaouogopa."

Waliporudi, Kokuberwa alimweleza polepole. "Tutaanza na mshipa. Tukishaufunika vizuri, nikaiona nyongo ni safi, naitoa. Nikiitilia shaka, naiacha."

"Kwa hiyo naingia bila kujua natoka na nini?"

"Ndiyo, mzee. Hata mimi sijui bado."

Jibu hilo, sijui kwa nini, ndilo lililompa nguvu ya kusaini.

Alipozinduka, Marietha alimwambia vyote viwili vimefanyika. Aliuliza mara tatu, na kila mara alisahau jibu.

Miezi minne baadaye alikuwa mzima, anachonga. Watu kanisani wakimuuliza aliumwa nini, anaanza na mawe, anaingia kwenye mshipa, anapotea katikati. Hapo Marietha anamalizia.