Kidole Juu ya Malkia

Nikinusa sweta iliyoloa mvua, moyo hunienda mbio hadi leo.

Ilikuwa fainali ya sataranji ya watoto, Nyeri; mdogo wangu akicheza, nami nikitazama, sweta zetu zimeloa mvua. Mshindi angelipiwa karo ya sekondari. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule nichume chai, ili mdogo wangu asome.

Nyumbani tulicheza kwa vizibo vya soda, tukigusa na kuacha tulivyopenda. Hapa mdogo wangu alimgusa malkia, akashtuka, akaondoa kidole.

“Ushagusa! Lazima uisongeshe,” mpinzani wake akacheka. “Ama unangoja mama akusaidie?”

Mwamuzi akaafiki. Malkia akasogezwa, akaliwa. Mdogo wangu akakalia mikono yake isiguse kete ovyo tena, akainamia ubao kufikiri upya. Nami nikakalia yangu.