Mpiga picha anayekimbiwa na wafungaji

Jumapili jioni, kiwanja cha Misima, wilayani Handeni. Mshambuliaji wa timu ya nyumbani anamlamba chenga beki wa mwisho, anapiga shuti la chini na nyavu zinatikisika. Anakimbilia kibendera cha kona, anainua mikono, anaiona kamera. Ghafla anavuta jezi juu na kujifunika uso mzima.

Wenzake wanaomfuata nao wanafanya vivyo hivyo. Timu nzima inashangilia bao ikiwa imejitanda jezi kichwani, matumbo nje.

Mwanamke aliyepiga goti nyuma ya kibendera hashangai. Anaitwa Zuena Mhina, ana miaka thelathini na minne, na ni mpiga picha na mwandishi wa michezo wa kujitegemea. Anabonyeza kitufe hivyo hivyo.

"Leo nimepata picha ya vitovu," anasema, wala hacheki.

Nyuma yake mtazamaji mmoja anamweleza jirani yake, kwa sauti ya kusikika: "Huyo ndiye aliyemchomea utambi Kaleb."

Zuena ni mzaliwa wa Korogwe, mjukuu wa mkata mkonge. Alianzia studio ya mjini, akipiga picha za pasipoti na za harusi, na Jumapili akiazima kamera ya tajiri wake kwenda viwanjani. Kwa zaidi ya miaka kumi amezunguka Magoma, Mashewa na Misima, mvua na jua. Gazeti moja la Dar es Salaam humlipa shilingi elfu kumi na tano kila habari yake inapotoka. Picha huzichukua bure. Habari isipotoka, nauli imekwenda na maji.

"Mhariri mmoja aliniambia picha isiyo na jina, mahali na mwaka ni karatasi ya kufungia maandazi," anasimulia. "Nikalishika hilo. Ndilo lililoniponza."

Mwaka 2023, Kaleb Shempemba, winga kutoka Magoma, alichukuliwa kwenye kikosi cha vijana cha klabu moja ya Dar es Salaam. Magoma ilichinja mbuzi. Zuena alifurahi kuliko wachinjaji, maana ndiye aliyemwandika Kaleb wakati hakuna aliyemjua. Akafukua picha zake za zamani, akamkuta: kitoto chembamba, peku, kimekumbatia mpira kwenye mashindano ya shule za msingi. Akaiweka kwenye ukurasa wake mtandaoni na maneno ya fahari: "Kaleb Shempemba, darasa la saba, Magoma, 2014. Nilisema atafika."

Watu wakaipenda, wakaisambaza. Kisha mtu mmoja, pengine shabiki wa timu pinzani aliyekosa kazi siku hiyo, akakaa chini kupiga hesabu. Kwa karatasi za klabu, Kaleb alikuwa na miaka kumi na minane. Basi darasa la saba alisoma akiwa na miaka tisa!

Wiki haikuisha, Kaleb akashuka kwenye basi Korogwe na begi lake.

Mpira wetu una jina la mchezaji wa namna hii: kijeba, mtu mzima anayechezeshwa pamoja na watoto. Vijeba hatuna uhaba nao. Ila kijeba hajishushi umri mwenyewe. Nyuma yake kuna watu wazima wenye mihuri, na hao hawajawahi kurudishwa kwao na basi.

"Nilijua umri unashushwa. Nani hajui?" anasema Zuena. "Lakini siku ile sikuwa nahesabu miaka ya mtu. Nilikuwa najivunia. Nimemharibia kwa kumsifu."

Mwezi uliofuata, katibu wa timu ya Magoma, Dunstan Kilua, aliingia studio ile ya mjini, anakoshinda Zuena siku za kazi, akiwa na mama yake Kaleb, Mama Paulina, aliyebeba mchele kwenye ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Katibu hakuzunguka. "Hatukuombi uongo mkubwa, Zuena. Andika tu kwamba ulikosea mwaka. Andika ni 2018. Nani atabisha? Kijana atarudi kazini, na wewe viwanja vyote ni vyako."

Zuena alimwambia kwamba akibadilisha mwaka mmoja, hakuna mwaka wake mwingine utakaoaminika. Mama Paulina alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza: "Mwanangu, huo mwaka unakulisha nini?"

Mama aliondoka, mchele akauacha. "Nilishindwa kuupika," anasema Zuena. "Ukaingia wadudu, nikawamwagia kuku."

Magoma amepigwa marufuku. Kwingine wanamwachia aingie, kisha wanajifunika. Karibu kila timu ina kijeba wake, na hakuna anayetaka sura yake ibaki mahali pamoja na tarehe.

"Mhariri ananiuliza mfungaji yuko wapi. Namwambia ndiye huyo mwenye jezi kichwani." Habari zake zilizotoka mwaka huu hazifiki kumi.

Kaleb sasa anaendesha bodaboda Magoma. Kwa simu, anazungumza kwa upole unaouma kuliko tusi. "Sina ubaya na dada Zuena. Alipiga picha ya kweli. Ila huo ukweli mimi ndiye ninayeulipia."

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, walisema wahenga. Hawakusema wanadamu watampenda lini. Dunstan bado ni katibu, bado anakaa kiti cha mbele kila fainali. Zuena akilitaja hilo, sauti inapanda.

"Aliyemshusha Kaleb umri anapewa soda ya baridi. Mimi niliyeandika mwaka ndiye mchawi!"

Hata hivyo hajauza kamera. Mpango wake ni kuanza chini kabisa: kupita mashindano ya shule za msingi, wavulana na wasichana, kumpiga picha kila mchezaji na kuandika jina, mahali, mwaka na umri wa kweli, wakati bado hawajafundishwa kudanganya.

"Atakayekwenda Dar kesho aende na umri wake," anasema. "Asirudishwe na picha ya mtu."

Ameanzia Mashewa, siku ya mechi za wasichana. Wa kwanza ni Glory, kiungo mwenye mguu wa kushoto wa ajabu, amesimama wima mbele ya kamera kama yuko gwaride. Zuena anapiga, anamwonyesha, mtoto anatabasamu.

"Una miaka mingapi?"

Glory anageuka kwanza kumtazama kocha wake, aliye upande wa pili wa uwanja. Kisha anauliza kwa adabu: "Ya shule au ya mpira, dada?"

"Ile anayoijua mama yako."

"Kumi na mitatu," anasema mtoto, kwa sauti ya chini.

"Kumi!" kocha anapaza sauti kutoka kule, akianza kuja. "Mwandishi, andika kumi!"

Zuena anaandika kumi na mitatu. Glory anaitazama kalamu inavyotembea, tabasamu limekwisha.

"Basi nifute, dada," anasema.

Zuena anaifungua ile picha kwenye kamera. Anaifuta. Kisha anamwita anayefuata.