Jumanne Isiyo na Foleni

Kastori, seremala wa Muyinga, hakuwadharau wezi wala walevi kama alivyowadharau watu wanaosimama kwenye foleni kwa hiari yao. Mwizi angalau ana haraka, alisema. Lakini mtu anayeamka, akaoga, akavaa shati la kanisani, kisha akaenda kuganda nyuma ya mgongo wa mwenzake bila kulazimishwa na askari yeyote, huyo alimshinda kumwelewa.

Alikuwa na sababu. Alikulia kambi ya wakimbizi, upande wa Ngara, Tanzania, na utoto wake wote ulikuwa migongo ya watu: foleni ya unga, foleni ya maji, foleni ya dawa ya minyoo. Aliporudi Burundi alijiapia kwamba zake amezimaliza. Misa alikwenda ile ya alfajiri. Nywele alinyolewa na mkewe. Harusini, wenzake wakijipanga na sahani, yeye alisingizia tumbo.

Basi lile gurudumu kubwa la kupandisha watu angani, la viti kumi na viwili, lilipofika Gitega, likasimamishwa kwenye uwanja mmoja karibu na Magarama, na majirani zake wakaenda wakati wa Krismasi na kurudi wakijisifu kwamba walingoja nusu ya siku, Kastori alicheka mpaka akaweka randa chini.

"Mmesimama kama ng'ombe wa chanjo," aliwaambia, "ili mzungushwe na kurudishwa palepale mlipotoka. Si mngezunguka nyumba zenu?"

Kicheko kilikatika pale mama yake, Ursula, aliposema naye anataka kupanda. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kufa. La kushoto, daktari alisema, halitafika mwisho wa mwaka.

"Nataka niuone mji kwa juu kabla giza halijanimaliza," alisema. "Na baada ya wiki mbili wanaling'oa."

Kastori hakubisha. Ila aliapa kwamba mama yake hatasimama tena kwenye foleni. Alichukua kipande cha mbao na penseli, akaanza kukata siku. Jumapili ni misa. Jumamosi asubuhi ni kazi za jumuiya, na mchana mji mzima unamwagika. Siku ya soko, hapana. Ikabaki Jumanne ya mitihani, wanafunzi wamefungiwa. Akampigia simu binamu yake Longino, mkazi wa Magarama, amhesabie watu uwanjani.

"Leo saa tatu asubuhi wapo wanne," alisema Longino. "Watano, ukimhesabu mbuzi."

"Mbuzi naye amepanga foleni?"

"Amefungwa."

"Basi usimhesabu."

Jumanne walipanda gari la alfajiri, wakapita Karuzi, na saa tatu walikuwa Gitega. Uwanja ulikuwa mweupe. Hata mbuzi hakuwepo. Kastori alimshika mama yake mkono akatembea taratibu, kifua mbele, kama mtu aliyeishinda akili nchi nzima.

Houssein, mwendesha gurudumu, alikuwa amekaa juu ya dumu akinywa chai.

"Tuko wawili," alisema Kastori. "Leo hatungoji mtu."

"Mutangoja sana, muzee. Mazutu iko shida. Mi siwezi kuwasha moteri kwa watu wawili. Na tena mukikaa upande moja inalemea, itawaacha huko juu. Inataka watu kumi."

"Wako wapi hao kumi?"

"We unaniuliza mimi? Wanakuyaka saa kumi, wakitoka kazi."

Gari la mwisho la Muyinga, kwa uhaba huo wa mafuta, lilikuwa linaondoka saa nane. Kastori alimketisha mama yake langoni, akatoka barabarani kutafuta watu. Aliwaendea kama anayewafanyia hisani, na wao wakamtazama kama anayeuza dawa za uongo.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza mwendesha baiskeli mmoja.

"Usimame pale tu."

"Ndugu, mi niko nasimama hapa tayari."

Saa saba mchana alirudi peke yake, akiwatukana watu wa Gitega kimoyomoyo, ukoo kwa ukoo. Langoni akakuta foleni. Mbele kabisa alisimama mama yake. Nyuma yake alikuwepo Shakila, muuza sambusa, na beseni lake, halafu waashi wawili, mwanamke mwenye jembe, na wengine, jumla tisa. Ursula alikuwa amemzuia kila mpita njia, akamwuliza kwao ni wapi, kisha akamwambia: mimi ni wa kwanza, wewe shika nafasi yako.

Kastori akaenda kusimama kando ya mama yake.

"Muzee, foleni," alisema Shakila.

"Huyu ni mama yangu. Mimi ndiye niliyemleta."

"Umesikia, Kastori," alisema Ursula. "Nyuma."

"Mama, nimepanga wiki nzima usisimame."

"Nani alikuomba? Ulidhani kule kambini nilikuwa nateseka? Nyumbani alikuwepo baba yako na fimbo yake. Kwenye foleni ndiko nilikocheka."

Waashi waliinamisha vichwa. Kastori akaenda nyuma, akawa wa kumi.

Houssein aliwagawa kwa uzito. Ursula akaketishwa kiti kimoja na Shakila. Kastori, peke yake, kiti cha upande wa pili kabisa. Alikuwa amejiandaa kumwonyesha mama yake kanisa kuu, mtaa wa Musinzira, barabara ya kwenda Itaba. Sasa kila mama alipokuwa juu, yeye alikuwa chini, akiyatazama matairi ya jenereta, na sauti ya Shakila ndiyo iliyotaja majina huko angani. Ilipofika zamu yake ya kupaa hakuutazama mji. Aliwaona watu wakitoka madukani, wamevutwa na gurudumu linalozunguka, wakijipanga kando ya ua. Ishirini. Thelathini.

"Wajinga," aliuambia upepo.

Waliposhuka, jicho la mama yake lilikuwa linachuruzika machozi.

"Umeona?"

"Nimeona mabati. Mengi. Upande wa Musinzira sikuumaliza."

Akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa foleni.

"Mama, gari litatuacha."

Ursula hakugeuka. Alikuwa amekwisha kumwuliza mtu wa mbele yake kwao ni wapi. Kastori alilitazama jua, akampigia Longino kumwuliza kama kwake kuna mikeka miwili, kisha akasimama nyuma ya mama yake, na uso wa mtu anayengoja kung'olewa jino.