Kichwa Kilichobaki Chunguni

Mwanasesere wa kwanza niliyemtengeneza kwa mikono yangu alikuwa na miguu miwili ya kushoto na uso wa bibi yangu. Miguu ilikuwa kosa langu. Uso, hadi leo nashikilia kwamba ulikuwa kosa la bibi, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa mbele yangu mwezi mzima akisuka ukili wa mkeka.

Tulikuwa tukiishi Makorora, katika miaka ya hamsini, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Shangazi yetu wa Amani, kule milimani, ambaye hakujaliwa mtoto, aliomba apewe mdogo wangu amlee, na wazee wakakubali, kama ilivyokuwa desturi kwetu. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita na hakukubali. Alilia siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, ili tu anyamaze, nikamwambia akienda bila kilio nitamtengenezea mwanasesere wa kukaa kitako na kukunja magoti, kama yule tuliyemwona katika dirisha la duka mjini. Alinyamaza papo hapo. Ndipo nilipojua kwamba nimejiponza.

Wanasesere wetu walikuwa wa vitambaa vilivyojazwa sufi. Ukimkalisha mmoja, analala kifudifudi. Yule wa dukani alikuwa na viungo. Nikamwendea mjomba, aliyekuwa dresa hospitalini na kazi yake ni kuwafunga plasta waliovunjika. Mjomba hakunicheka. Alichukua mfupa wa paja la mbuzi kwenye sahani yake, akaufyonza mpaka ukatakata, akanionyesha ncha yake ya mviringo.

"Ufundi wote ndio huu," akasema. "Tufe ndani ya kikombe. Mengine ni maringo."

Aliniletea unga wa plasta uliobaki katika kopo la maziwa, akanieleza kazi. Kwanza unafinyanga kiungo kwa udongo. Halafu unakizamisha nusu katika plasta mbichi, ikishika unamimina nyingine juu yake, unatenganisha pande mbili, unatoa udongo, nawe una kalibu ya kumiminia kiungo chenyewe. Kati ya pande hizo mbili upake mafuta, la sivyo zitagandana. Mafuta niliyasahau. Nikapata tofali lenye mkono ndani. Mjomba alilipiga kwa nyundo, likakataa, na bibi akalichukua kuzuilia mlango wa uani. Lilidumu kazini miaka mingi kuliko kitu kingine chochote nilichokitengeneza.

Mara ya pili nilipaka mafuta ya nazi, yale ya bibi ya nywele, na kazi ikaenda. Katikati ya kila kalibu nililaza kipande cha bua la mpapai ili kiungo kitoke na tundu la kupitishia mpira. Nilipofungua kalibu ya mguu nikaona vidole vitano vimejipanga, nilifurahi mno nikaimimina tena kalibu ileile, nikapata mguu wa pili mzuri kama wa kwanza. Plasta ikaishia hapo, ila ya kichwa tu. Siku mbili nilisugua matufe kwa msasa. Kisha nikakata mpira wa ndani wa baiskeli vipande vyembamba, nikavifunga viungo vyote, nikamsimamisha mtu wangu mbele ya mjomba. Mjomba akamtazama miguuni kwa muda mrefu.

"Mgonjwa huyu sikumfunga mimi," akasema.

Bibi naye akainua macho kwenye ukili wake. "Huyu ukimtuma dukani atazunguka kisima mpaka magharibi."

Lakini alikaa. Alikunja magoti, tena kwa wepesi, na bibi, ambaye magoti yake yalikuwa yakimtesa kila akitaka kuinuka, alimwangalia kwa kijicho. Halafu akatoa hukumu: sanamu lenye kichwa na kiwiliwili halikai chumba anachoswalia. Kichwa mbali, kiwiliwili mbali, hapo hana neno, kwa kuwa hivyo ni vipande tu. Kwa bahati kichwa nilikiwekea kulabu ya waya. Mdogo wangu akaifanya ndiyo kazi yake: akisikia adhana anakichomoa kichwa, anakimbia nacho jiko la uani, anakitia katika chungu cha kifuniko, kisha anasukumia kiwiliwili uvunguni. Swala ikiisha anavirudisha.

Siku moja jirani alikuja kuomba kaa la moto, akafunua chungu kutazama tumepika nini.

"Astaghfirullahi," tukamsikia akimwita bibi. "Mama, uko barazani au umo humu?"

Bibi akataka aletewe. Alikishika kile kichwa mkononi, akakigeuza huku na huku. Mimi nilikuwa sijaona chochote kabla ya hapo, lakini sasa nikaona: mashavu yaliyobonyea, kidevu kilichotangulia mbele, jicho moja dogo kuliko jingine. Nilitamani ardhi inimeze.

"Pua si yangu," akasema, akanirudishia. Kesho yake tulikuta kichwa kimefungwa kipande cha kanga yake mwenyewe. Hukumu ya chungu haikubadilika.

Asubuhi ya safari shangazi alikuwa ameshafika kumchukua mdogo wangu, na basi la kwenda Muheza, njia ya Amani, lilikuwa la alfajiri. Tuliswali, tukafunga mizigo, tukakimbizana. Mdogo wangu aliondoka amemkumbatia mwanasesere wake ndani ya shuka, hakulia hata kidogo, nami nikajiona fundi. Mchana bibi akafunua chungu atie mchele.

Nililia mimi sasa. Nilikuwa nimemwahidi mtoto kitu, akatimiza upande wake, na mimi nimempeleka milimani na maiti. Bibi aliniacha nikalia. Yeye hakuwa amepanda basi kwa miaka mingi. Magoti yake alikuwa akiyatoa kama udhuru wa kutokwenda harusi na matanga ya mji mzima.

"Mtoto hawezi kulala na mtu asiye na kichwa," akasema mwishowe. "Tena kichwa chenyewe changu."

Kesho yake akaondoka na kikapu cha nazi, kichwa kikiwa katikati ya nazi. Akakaa wiki nzima. Aliporudi nilimkimbilia mlangoni nikampokea kikapu.

"Shikamoo bibi. Amefurahi?"

"Marahaba." Akakaa taratibu kwenye baraza, akasugua magoti, akaingiza mkono kikapuni, akatoa kichwa kile kile na kanga yake. "Kanambia hiki hakitaki. Kasema kichwa chenyewe cha bibi kimeshafika."

"Na mwanasesere?"

"Kamchomekea chungwa. Likinyauka anabadili."

Niliumia, nasema kweli. Mwezi wa kazi, mikono imechubuka kwa msasa, halafu nashindwa na chungwa la Muheza. Nikamuuliza bibi kama angalau mdogo wangu alisema lolote kuhusu magoti, jinsi yanavyokunjika. Hakunisikia. Alikuwa akimuuliza mjomba basi la Muheza hutoka siku zipi.

Mwezi uliofuata alikwenda tena Amani, na uliofuata pia, magoti yake na yote. Kichwa alikiacha chunguni.