Mume wangu alijenga ukuta, kamlango akakafunga kwa kufuli

Mwenzetu huyu ameomba tumfichie jina, na majina yaliyomo tumeyabadilisha. Msome mpaka mwisho, kisha mmjibu kwa heshima.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, naishi Cibitoke, Bujumbura. Nina mume, na siku hizi hata akitafuna naona kinyaa.

Vita vilipoanza uzio wetu ulikuwa wa miyenzi, ile mimea yenye utomvu mweupe. Katikati kulikuwa na upenyo, mimi na jirani yangu Mama Zena tukipitishiana chumvi na makaa ya moto. Risasi zilipozidi mtaani, mume wangu akasema miyenzi haizuii mtu. Sikubisha, ni kweli. Nikapendekeza mabati, maana tukizingirwa tungeyang'oa tukimbie. Yeye akataka matofali, na vipande vya chupa juu. Mama Zena akachangia matofali kwa sharti moja, kwamba pale penye upenyo tuache kamlango. Mume wangu akakubali vizuri tu. Kufuli akaliweka upande wetu.

Asubuhi moja milio ikasikika nyuma ya nyumba yao. Mama Zena akagonga kamlango.

"Mama Aline, fungua, mi niko na watoto."

Nikamwomba mume wangu ufunguo. Akautia mfukoni, akaendelea kunywa chai.

"Apana. Iyi rugo ni ya watu wa rugo."

Kwa Kirundi rugo ni uzio, na ndiyo familia pia. Nikamvamia mfukoni, akanisukuma. Mama Zena akatandika kitenge juu ya zile chupa, akanipitishia watoto. Alipopanda mwenyewe kitenge kikateleza, akakatika kiganja cha kulia. Walipona wote, lakini mkono ule haushiki kitu mpaka leo.

Sasa sikieni uchafu. Kila sherehe huyu bwana husimama akasema ukuta wake uliokoa majirani. Watu wanapiga makofi, na mimi nimekaa pembeni yake natamani kutapika.

Mvua za mwaka huu zimeuangusha. Anataka kujenga mwingine, mrefu zaidi, bila mlango kabisa. Nikaenda kwa Mama Zena kumwambia nitapigania miyenzi, upenyo wetu urudi. Akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto.

"Mupande tu, Mama Aline. Lakini mi apo siwezi kupita tena."

Ndugu zangu, nishaurini. Niendelee kubishana naye juu ya uzio, au nitoke kwenye rugo yenyewe?