Mbwa Aliyebadilishwa kwa Kuku

Mimi ni mtu wa kinyaa. Sinywei kikombe cha mtu, hata kiwe cha dada yangu wa tumbo moja. Kanisani tukiambiwa tupeane amani, nashika mkono mmoja tu, wa jirani wa kulia, kisha najifanya natafuta wimbo kitabuni. Nauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Kisumu, na kila jioni nikifika nyumbani Kaloleni najisugua kwa ndimu mpaka ngozi iwashe. Basi watu wakiniuliza ilikuwaje nikafuga mbwa watatu ndani ya nyumba ya vyumba viwili, zile nyumba za zamani za kaunsili, huwa sina jibu la maana. Nawaambia ni kinyaa hicho hicho. Mbwa wananitia kinyaa kidogo, wenye mbwa ndio wanaonitia kinyaa hasa.

Tena hawa si mbwa wa kulinda boma. Ni wale wadogo wa manyoya, wa kukalia kochi, ambao watu wenye mageti makubwa siku hizi wanawanunulia watoto wao. Mtoto akimchoka, mbwa anatupwa. Wa kwanza aliachwa na wapangaji waliohama wakamsahau amefungwa kwenye bomba la maji, kana kwamba mbwa ni ndoo. Wa pili alitolewa kwenye gunia karibu na jaa, jicho moja halipo. Majirani wanawaita wazungu wangu. "Mama, wazungu wamekunywa chai?" wananiuliza asubuhi, nami najibu wamekunywa na wanawasalimu sana.

Wa tatu nilimpata Asembo Bay, ninakonunua omena. Wanawake wa huko huanika omena mchangani juu ya nyavu kuukuu, na omena ikishaanikwa adui ni ndege. Kuna anayetundika karatasi za nailoni kwenye vijiti zipepee, kuna anayeshinda amesimama na fimbo. Bibi niliyekuwa nikinunua kwake, mama mzee ambaye sote tunamwita Dani, yaani nyanya, alikuwa na njia yake. Alichomeka kigingi kwenye uwazi katikati ya nyavu na kumfunga mbwa hapo kwa waya. Waya ulikuwa mrefu kiasi cha kumwezesha mbwa kuwarukia yangeyange, na mfupi kiasi kwamba hawezi kuifikia omena. Kivuli hakikuwapo, na maji sikuyaona.

Mwanzoni nilidhani ni tambara la kupigia deki. Lilikuwa na rangi ya tope na manyoya yameshikamana vipande vipande. Kisha tambara likaanza kuzunguka. Hapakuwa na ndege wala mtu karibu naye, lakini alizunguka na kuzunguka pale pale, katika duara dogo, kichwa chini. Nilipomsogelea, harufu ilinipiga kabla sijafika. Mimi ni mtu wa omena, harufu ya samaki aliyeoza si ngeni kwangu, lakini ile haikuwa ya samaki. Waya ulikuwa umeingia shingoni na nyama ikaota juu yake, na ndani ya nyama kulikuwa na funza. Walikuwa wengi, wanono, wanatembea. Nilienda nyuma ya banda nikatapika chai yote.

"Dani, huyu mbwa anaoza," nilimwambia niliporudi.

"Lakini kazi anafanya," akajibu bila kuacha kugeuza omena yake. "Ndege inamwogopa."

"Ulimtoa wapi?"

"Ni ya mtoto wa ndugu yangu, huko Kisumu. Anauzanga watoto ya mbwa. Hii ilikonda, ikaanza kutoka manyoya, akaniletea. Akasema, Dani, saidika nayo."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayesimulia alivyoletewa sukari. Dani si mtu mbaya. Siku zote alinipimia omena kwa mkono mkarimu na kuniuliza hali ya mama yangu kule Pap Onditi. Hilo ndilo lililonichefua zaidi. Ningempata ni katili ningejua la kumwambia.

Nikamwomba anipe yule mbwa. Hakuwa na neno, ila alisema mbwa hatolewi bure. Ukimchukua mkono mtupu hatakaa kwako, atakufa au atarudi alikotoka. "Leta gweno," akasema, yaani kuku. Kwetu jambo hili linajulikana, hata mama yangu alipata mbwa wake wa kwanza kwa njia hiyo. Nikaenda boma la jirani nikapata mtetea. Dani akambonyeza kidari, akaridhika, ndipo akaukata waya kwa koleo. Alimkagua yule kuku kwa makini ambayo mbwa wake hakuwahi kuyaona.

Nilimleta mjini ndani ya karai, nimejifunga leso puani. Daktari wa mifugo aliutoa waya, akawatoa funza mmoja mmoja, na alipofikiri amemaliza, harufu ikawa bado ipo. Ilitoka nyuma. Akamgeuza, akambonyeza tumbo, na usaha ukamwagika mezani mpaka kwenye viatu vyangu. Alisema kizazi kimeoza. Mbwa huyu amezalishwa mfululizo bila kupumzika, na asipotolewa kizazi atakufa. Nikasema kitolewe. Nilitoka nje nikasimama juani, nikaviacha vile viatu pale pale kwenye jalala lake, nikarudi nyumbani na kandambili za kuazima.

Watu wakisikia habari za mbwa aliyeokolewa hupenda kusikia kwamba siku ya tatu alilala mapajani. Wangu alikula mavi yake. Alikuwa akijisaidia, anageuka, anakula upesi upesi, macho yakinitazama kama mwizi. Daktari alinieleza kwamba mbwa anayeishi ndani ya kizimba kisichosafishwa hujifunza hivyo, na kwamba hata lile duara alilolizunguka kule mchangani lilikuwa na ukubwa wa kizimba chake. Nilikuwa nikimfuata na koleo la majivu siku nzima, kabla sijaenda sokoni na baada ya kurudi, nami huyu huyu nisiyeshika mikono ya watu kanisani. Siku moja aliniwahi, kisha akaja kuniramba kifundo cha mguu. Nililia kwa hasira. Nilimlaani aliyemfundisha kula vile, nikamtakia kizimba na yeye.

Taratibu akaacha. Akajifunza kuvuka kizingiti, akajifunza kwamba sakafu haina mwisho wa karibu. Manyoya yakaota, na kumbe alikuwa mweupe pe. Jirani yangu anayeshona sare za shule akamfunga utepe wa kitambaa kilichobaki, akampiga picha na kuituma kwenye kundi la akina mama wa kanisa. Picha haina miguu lakini hutembea. Ikatoka kundi hili ikaingia lile, mpaka ikamfikia mpwa wake Dani, yule muuza mbwa.

Alikuja Jumamosi, na gari lake akalisimamisha katikati ya dimbwi mbele ya nyumba yangu. Ni mwanamke wa rika langu, nadhifu, ananukia vizuri. Mkononi alishika kuku mkubwa aliyefungwa miguu.

"Mama, hamjambo. Nimekuja na roho safi tu," akasema. "Shangazi yangu ni mzee, alitoa kitu haikuwa yake. Sasa kuku yako ndio hii. Nipe mbwa wangu."

Akamweka kuku kwenye ngazi ya mlango wangu. Kuku akanya hapo hapo.

Nilimwambia amchukue kuku wake aondoke. Sauti yangu si ndogo, na Kaloleni kuta ni nyembamba, kwa hiyo majirani wakatoka. Akatoka pia Mzee wa nyumba ya pili, mstaafu wa reli, ambaye mtaa mzima humsikiliza kwa mambo ya ua na ya watoto. Yule mwanamke akaeleza upya kwa adabu zote. Mzee akakuna kidevu.

"Mama, hii kitu iko wazi," akaniambia. "Mbwa ilitoka kwa kuku. Kuku ikirudi, mbwa inarudi. Ndivyo tuliikuta."

"Mzee, ulimwona huyu mbwa alivyokuja. Uliziba pua ukapita upande ule."

"Niliona. Lakini kuku imerudi."

"Na yeye mwenyewe anamtakia nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Si atazaa tu," yule mwanamke akasema. "Amepona vizuri, Mungu akubariki. Anaweza zaa hata mara tatu kabla achoke. Desemba watu wanataka watoto weupe."

Hapo nilikuwa na neno moja la kumfukuza, na nilikuwa nalo tangu aliposhuka garini. Sikulitoa. Nilitaka mtu mwingine aseme. Nilitaka Mzee, au yule mshonaji aliyemfunga utepe, au mmoja tu kati ya watu ninaowauzia omena na kuwazidishia, aseme kwamba kiumbe harudishwi kwa mtu aliyemfanya aoze akiwa hai. Niliwatazama mmoja mmoja. Mama mmoja akasema, "Lakini kuku ni mkubwa kushinda ile ya kwanza," na wengine wakaitikia kwamba kweli ni mkubwa.

Ndipo mbwa akatoka. Alikuwa amelala chini ya kitanda, na nadhani ni sauti ya yule mwanamke iliyomwamsha. Alikuja kwa tumbo, anajikokota, masikio yamelala, mkia unafagia sakafu. Akapita kando ya mguu wangu kama sipo. Akamfikia yule mwanamke, aliyeinama na kumnyoshea mkono, akamramba vidole, vyote, mpaka katikati ya vidole.

"Mnaona?" mwanamke akacheka. "Ananijua. Mimi ndiye mama yake."

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ni kweli, hakummaliza, alimbakiza mifupa na ngozi akampeleka akafukuze ndege. Na mifupa hiyo ndiyo iliyokuwa ikimfurahia.

Basi nikasema. "Alitolewa kizazi. Hazai tena, wala Desemba wala lini."

Yule mwanamke alimgeuza mbwa kwa ncha ya kiatu, mbwa akalala chali kwa furaha, na kovu la operesheni likaonekana wazi tumboni. Mwanamke akatoa kitambaa, akajipangusa vidole taratibu, kimoja baada ya kingine.

"Basi ya nini?" akasema. Akamwokota kuku wake, akaingia garini.

Mzee alifurahi kweli kweli. "Imeisha vizuri, Mama," akaniambia, na wengine wakanipongeza, na yule mshonaji akanikumbatia. Mbwa alikuwa amebaki kwangu kwa sababu hana faida, na hakuna aliyeona kasoro katika sababu hiyo. Walirudi ndani kumalizia chai zao, na mimi nikachukua maji na sabuni nikasugua ngazi.

Nilipoinua kichwa, mbwa hakuwapo. Alikuwa ameenda kukaa dimbwini, pale gari liliposimama, ameelekea barabarani na analia. Nilimwita, hakugeuka. Nilimwita tena kwa sauti ya chakula, na sikio halikucheza. Niseme ukweli, wakati ule alinitia kinyaa yeye mwenyewe, kuliko funza, kuliko usaha, kuliko yale aliyokuwa akila. Nilisimama na ndoo yangu nikatamani yule mwanamke angemchukua.

Kisha nikaenda nikamwinua na tope lake lote. Manyoya ambayo nilikuwa nimeyachana asubuhi yalikuwa yakinichirizia tope kifuani. Alinikazia miguu, shingo imegeuka nyuma, akitazama njia juu ya bega langu, na nilimbeba hivyo hivyo mpaka ndani nikafunga mlango.

Amezoea sasa. Anakula vizuri, analala na wenzake, ananifuata mpaka chooni. Lakini gari lolote likipunguza mwendo mbele ya nyumba, yeye ndiye wa kwanza kufika mlangoni, na mkia unatikisika mpaka gari lipite.