Shangazi Fetuao na Diski Iliyopungua

Fetuao wa Salelologa, kisiwani Savai'i, alikuwa mtu wa kuonja chai yake mara mbili hata kama kaichemsha mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kurekodi mazishi na kutawazwa kwa wakuu wa koo. Rekodi zote alizitia katika sanduku la chuma lenye diski mbili pacha: kilichoandikwa kwa huyu kiliandikwa na kwa yule, mmoja akifa mwenzake abaki.

Sasa pacha mmoja alikuwa amekufa. Diski mpya aliileta Iakopo, mtoto wa kaka yake, kutoka Auckland. Lebo ilisema ukubwa ni uleule, lakini sanduku liliikataa. Nani angedhani? Ilipungua kidogo tu, kama unene wa ukucha.

"Tutaipunguza nafasi ya ile diski iliyobaki nzima, zilingane," alisema Iakopo.

"Tupunguze nini?"

"Pembeni, Shangazi. Patupu. Na kila kitu nimekwisha kukinakili kwenye diski nyingine."

"Nakala umeitengeneza wewe."

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na sauti ya marehemu kaka yake akimtaja wa kumrithi ukuu. Hakumtaja Iakopo, mwanawe wa kumzaa. Alimtaja Lafaele, mpwa wake. Jumamosi ukoo ungekutana kuisikiliza, na leo aliyeshika mkasi ni nani? Iakopo.

Fetuao akatandika mkeka, akaketi nyuma ya Iakopo.

"Shangazi, unanipumulia kisogoni."

"Pumzi yangu haifuti kitu. Wewe je?"

Iakopo akacheka, akamweleza. Ni kama mkeka uliojaa wageni. Huukati ukingo watu wakiwa wameukalia. Unawasogeza katikati kwanza, kisha unaukunja ukingo bila kuukata, unatazama kama kuna uliyemkunjia mguu. Wakiwa salama ndipo unakata.

Akawasogeza wageni. Akakunja. Akajaribu kufungua rekodi. Hakuna hata moja iliyofunguka.

"Umemkata baba yako," Fetuao alisema polepole.

Mtu wa Savai'i huogopa kinyongo cha shangazi kuliko kimbunga. Jasho lilimtoka Iakopo. "Nimekunja kupita kiasi. Sijakata, Shangazi. Ngoja."

Akaukunjua ukingo, na kila kitu kikarudi mahali pake. Akawasogeza wageni zaidi, wabanane, akakunja tena. Safari hii zikafunguka.

"Weka ya kaka yangu. Mpaka mwisho."

Sauti ya marehemu ikajaa chumbani. Fetuao hakutazama kioo cha kompyuta, alitazama uso wa Iakopo. Midomo ya kijana ilikuwa ikiyatangulia maneno ya baba yake moja baada ya moja, mpaka jina la Lafaele, bila kuliruka.

"Umeihifadhi kichwani?"

"Ningetaka ipotee, Shangazi, nisingeleta diski. Ningekuacha na pacha mmoja, nikasubiri naye afe."

Hilo Fetuao hakuwa amelifikiria.

"Kata," akasema.

Jioni sanduku lilikuwa limeikubali diski mpya, na pacha wote wawili walikuwa wazima. Fetuao akampakulia majimbi na majani yaliyopikwa kwa tui, sehemu ya mtu mzima. Kisha akaichukua ile diski ya nakala, akaifutika kifuani.

"Bado huniamini?"

"Nakuamini. Si nimekupakulia? Hii nakaa nayo mpaka Jumamosi. Kula, chakula kinapoa."